Fulana ya Mlingotini

Keziah Treloar hakula kitu asubuhi ile. Aliona milingoti ikiingia bandari ya Portsmouth, akauona na ule mstari wa njano ubavuni, moyo ukamruka. Hermia! Manowari iliyomchukua mumewe Amos tangu mtoto wao hajaota meno, na sasa huyo mtoto anajibizana na watu wazima. Akajitia ndani ya gauni lake la harusi, likambana, akakimbilia gatini.

Mabaharia wa vita hawaruhusiwi kushuka pwani, mabwana wakubwa wanaogopa watatoroka. Basi wake ndio huwafuata kwa mashua.

"Mama Tabb, nipeleke upesi!"

"Tulia, mwanangu," akasema mama mwenye mashua, akivuta makasia. "Mume hayeyuki kama chumvi. Na hilo gauni, ukikohoa tu limepasuka."

"Lipasuke! Atalishona mwenyewe."

Wakacheka wote wawili. Keziah alikuwa na hamu na mumewe, wala hakuona haya.

Keziah alipopanda manowarini, ofisa akauliza, kama ilivyo desturi: "Mke wa nani?"

"Wa Amos Treloar."

"Hatuna mtu huyo. Hii ni Hesione, mama. Hermia ni ndugu yake."

Loo! Manowari tano zilijengwa kwa mchoro mmoja, ubao kwa ubao, na yeye kwa pupa yake hakuitazama hata sanamu ya omoni, kule mbele ya meli. Mabaharia wakaangua kicheko. "Karibu tu, bibie, waume tumo tele!"

Ndipo alipoiona fulana. Ya sufu, buluu, mkono mmoja umemaliziwa kwa nyekundu maana uzi ulimwishia. Aliifuma yeye, kwa ajili ya Amos. Aliyeivaa hakumjua.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Niliinunua mlingotini, kule Hermia, kabla sijahamishiwa huku," akajibu yule mtu, Jabez Hoskin, bila kufikiri. Kisha akamtazama vizuri, uso ukamshuka.

Mlingotini huuzwa nguo za waliokufa tu. Hakuna mke wa baharia asiyelijua hilo.

"Ni homa, shemeji," Jabez akasema taratibu. "Hakuteseka sana." Akaivua fulana, akampa. Keziah akaizika pua yake humo, akimtafuta Amos. Ilinuka tumbaku. Amos hakuwa mvutaji.

Akairudisha. "Ivae, kuna baridi. Ila nionyeshe alipokuwa analala. Si mnasema zimejengwa sawasawa?"

Jabez akamshusha sitaha ya chini, akamwonyesha ndoano kwenye boriti, juu ya mzinga. "Kule Hermia alifunga kitanda chake cha kuning'inia hapa. Hapa hapa."

Keziah akanyoosha mkono, akaishika ndoano. Gauni likapasuka kwapani. Mama Tabb akamwita kutoka mashuani, akaita tena, na Keziah akabaki vilevile, mkono juu.