Saa ya Mkono wa Kulia

Fundi hakuingia dukani kwa hamu ya saa. Saa alikuwa nayo, ya ukutani, na ilikuwa haijamdanganya tangu siku marehemu mume wake alipoipigilia msumari juu ya meza ya kukatia nguo. Aliingia kwa sababu daktari alisema, na kwa sababu binti yake alikuwa amemshika kiwiko.

Binti huyo nyumbani walimwita Hakimu. Jina alilipata akiwa bado na meno ya utoto, kwa tabia yake ya kuketi katikati ya ndugu zake wakigombana na kutoa hukumu, na hukumu zake hazikuwa na rufaa. Sasa alikuwa mtu mzima, mwenye ofisi yake na miwani yake. Jina lilikuwa halijambanduka, na tabia vilevile.

Mambo yalianza asubuhi moja kwenye chumba cha kushonea. Fundi alikuwa ametoka kuogelea kama kawaida yake, akaketi kwenye cherehani, mara chumba kikaanza kuzunguka. Alishika ukingo wa meza, akangoja kitulie. Wifi yake, dada wa marehemu, ambaye huja kumsaidia vifungo na mapindo, alipiga yowe lililosikika hadi barabarani. Kufika adhuhuri Hakimu alikuwa amepiga simu, na alikuwa ameshaamua: bwawa ndilo lenye makosa, na bwawa liachwe.

"Maji yalinifuata mpaka huku juu?" Fundi aliuliza.

"Mama, umetoka majini, umeanguka."

"Sikuanguka. Niliketi."

"Hukuanguka kwa sababu ulikuwa umeshaketi!"

Fundi alitunga uzi kwenye sindano. Alikuwa mtu wa kuacha neno lipite, kisha alitazame linapokwenda.

Alianza kwenda bwawani kwa ajili ya magoti, yaliyochakaa kwa kukanyaga cherehani. Bwawa lilikuwa la umma, na asubuhi na mapema lilikuwa la wanawake. Bega lake moja lilikuwa zito, kwa hiyo hakuzungusha mikono kama wenzake. Alishika ubao wa kuelea mbele yake, akapiga miguu, akaenda ukuta kwa ukuta pole pole kama mtu anayesukuma toroli. Magoti yalipata nafuu. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Tangu mumewe afariki, kila alipomwombea, nyumbani au kwenye nyumba ya ibada, sauti ilimkatika kabla hajafika mwisho. Majini haikukatika. Majini aliweza kumtaja mbele za Mungu kuanzia mwanzo hadi Amina. Hilo ndilo lilikuwa hatarini, wala si magoti. Magoti angeyapaka dawa.

Daktari alimpima akiwa amelala kitandani, akasema hapo moyo hauna kelele.

"Lakini mama, huogelei ukiwa umelala kitandani," alisema. "Vaa saa inayopima mapigo ya moyo ndani ya maji. Nenda taratibu, usiwe peke yako. Baada ya wiki mbili njoo tuone. Moyo ukionekana unaruka ukiwa majini, bwawa tutaliaga."

Hakimu aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama vile tayari ameshasikia mwisho wa kesi.

Ndivyo walivyofika dukani. Duka lilikuwa jembamba, lenye kabati za vioo na taa nyeupe zinazofanya kila kitu kionekane kimetoka kiwandani asubuhi hiyo. Muuzaji alikuwa mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa vizuri.

"Karibuni. Mnatafuta ya zawadi?"

"Natafuta ya kwangu," alisema Fundi.

"Ya kuogelea," Hakimu alidakia. "Ipime moyo, halafu ilete majibu kwenye simu yangu."

"Kwenye simu ya nani?"

"Yangu, Mama. Yako ina tochi tu."

"Na tochi hiyo umeme ukikatika huwa unaijua ilipo."

Muuzaji alicheka, akatoa saa nene nyeusi, akaiweka juu ya kioo kwa heshima. "Hii ndiyo baba lao. Inapima usingizi, hatua, pumzi. Hata ukiwa na mawazo inakuambia."

"Mawazo yangu nayajua. Sihitaji kuletewa habari zake."

"Na inastahimili maji ya mita hamsini."

Fundi aligusa kifua chake. "Bwawa letu maji yananiishia hapa. Hizo mita nyingine utanipunguzia?"

"Si kwamba utazama huko, mama," muuzaji alisema, akijizuia kucheka tena. "Ni kipimo cha kiwandani. Saa isiyoandikwa hivyo, ukinawa mikono inavumilia. Ukiogelea nayo, umeizika."

"Nimeelewa. Una maji?"

Muuzaji alidhani ana kiu, akamletea ya kunywa kwenye kikombe. Fundi alichovya vidole ndani, akainyunyizia saa, akaigusa kioo chake kwa kidole kilicholowa. Kidole kiliteleza. Kioo kiliruka kurasa chenyewe, kikafungua hiki na kile, kisha saa ikaanza kupiga muziki.

"Sasa nikiwa majini nikitaka inyamaze, nitaenda kwanza kuitafutia taulo?"

"Mama!" Hakimu alisema. "Unalowesha mali ya watu."

"Watu wenyewe wameniambia inaogelea."

Muuzaji aliifuta saa, akaiangalia kidogo kabla ya kuirudisha. Akaleta nyingine, ndogo, isiyong'aa sana, yenye vitufe viwili ubavuni. Hiyo, alisema, ina laini yake ya simu ndani ya kutumia majibu, na ikiwekwa kwenye kuogelea kioo hujifunga, na kazi yote hufanywa na vitufe: cha juu kuanza, cha juu tena kumaliza. Aliushika mkono wa kushoto wa Fundi ili amvalishe.

Fundi aliurudisha mkono wake. "Huu una mwenyewe."

Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa na alama ya duara, laini na nyeupe kidogo, kama ya mtu aliyevua bangili. Hapo ndipo ulipokaa mkanda wa kimto cha kuchomekea pini, kila siku ya kazi, tangu alipokuwa mwanagenzi. Kukihamishia kimto mkono mwingine kungekuwa sawa na kumwambia aanze kuandika kwa mguu.

"Basi kulia," alisema muuzaji.

"Kulia ndiko kuna mkasi. Ngoja."

Alivaa kwanza ile nene, akaweka mkono juu ya kioo cha kabati, akaupitisha kama anayekata kitambaa. Saa iligonga kioo, kong. Muuzaji alifumba macho. Akavaa ile ndogo, akapitisha mkono. Ulikwenda wote hadi mwisho bila kukwama.

"Hii," alisema.

"Nikuambie ukweli, mama," alisema muuzaji. "Hii inahesabu mita kwa kuhisi mkono unavyozunguka. Unaogelea mtindo gani?"

"Wa ubao. Mikono imeshika, miguu inapiga."

"Ah. Basi mita itakuwa haizioni. Hata ile kubwa ingepata shida."

"Daktari hajauliza mita. Ameuliza moyo."

"Moyo itausoma. Ila kaza mkanda, maji yasipite chini yake. Kuna taa chini inayomulika ngozi ili isome mapigo."

Hakimu alikuwa bado anaitaka ile baba lao. Walibishana kidogo pale kaunta, na Fundi alishinda kwa njia yake ya siku zote, yaani kunyamaza huku saa ikiwa tayari mkononi.

Jioni ya siku ya kwanza Hakimu alipiga simu.

"Mama, saa inasema umeogelea mita sifuri."

"Basi nililoweshwa na nini?"

Siku zilivyoendelea, Hakimu aliacha kuzungumzia mita. Kila jioni alifungua simu yake na kuona picha ileile: mstari mwekundu wa mapigo ya moyo, umetulia kwa muda mrefu, halafu mwishoni unapanda ghafla kama paa la nyumba, unashuka, unakatika. Juu yake programu iliandika: kuogelea.

"Unaona?" alimwambia shangazi yake, ndiye yule wifi, walipokutana nyumbani kwa Fundi. "Anaanza vizuri, mwishoni moyo unaruka. Anajitesa kule. Analazimisha raundi za mwisho."

Wifi alimgeukia Fundi. "Wifi yangu, mwishoni huwa unashindana na nani? Au kuna mzee anakuchungulia ukutani?"

"Akichungulia ataona ubao."

"Mimi sicheki," alisema Hakimu. Na kweli hakucheka. Baba yake alikufa ameketi kitini, mkasi mkononi, bila kumwambia mtu kwamba hajisikii vizuri. Tangu siku hiyo Hakimu hakuamini mtu anayesema hana neno.

Fundi aliutazama ule mlima mwekundu. Hakujua umetoka wapi. Kule majini hakuwahi kuhisi moyo ukimruka, lakini saa hakuwa ameinunua ili abishane nayo. Usiku ule aliomba kwa kifupi. Alimwambia Mungu kwamba kama ni kuacha ataacha, ila apewe njia nyingine ya kufika kwenye Amina.

Asubuhi ya kabla ya kwenda kwa daktari, Hakimu aliomba ruhusa ofisini, akaja bwawani. Aliketi kwenye benchi la saruji na viatu vyake vya kazi, mkoba magotini, akimtazama mama yake akienda ukuta kwa ukuta. Midomo ya mama ilikuwa inacheza. Kila alipofika upande wa benchi Hakimu aliinama.

"Nionyeshe mkono."

Fundi alinyoosha mkono. Namba ilikuwa ndogo. Raundi nyingine, namba ileile. Hakimu alingojea ule mlima kama mtu anayengojea gari aliloahidiwa. Raundi za mwisho zilikuja, zikaisha. Fundi alitoka majini, akajifuta, akavaa.

"Nionyeshe tena."

"Nimeshatoka, mwanangu."

"Nionyeshe."

Namba ilikuwa imeshuka zaidi. Ila Hakimu aliona kitu kingine: pembeni ya kioo vidakika vya kuhesabu muda wa kuogelea vilikuwa bado vinatembea. Alidhani mama amesahau, akataka kumkumbusha, lakini wakati huo walikuwa wameshafika barabarani na Fundi alikuwa anasalimiana na muuza vitambaa, aliyemkabidhi furushi la mzigo wa wiki. Fundi alilitia begani, lile bega zima.

Chumba cha kushonea kilikuwa ghorofa ya juu. Ngazi zilikuwa nyembamba, zenye kona kali, na mtu alipanda akiwa ameshika ukuta. Hakimu alikuwa hajazipanda tangu msiba. Katika kona ya kwanza alisikia pumzi ya mama yake. Katika ya pili aliukamata mkono wa kulia, akageuza saa. Namba ilikuwa inapanda pamoja nao.

"Lete hilo furushi."

"Utachafua nguo za ofisini."

"Lete, Mama!"

Walifika juu. Wifi alikuwa ameshaanza vifungo. Alifungua mdomo asalimie, akaona sura ya Hakimu, akarudi kwenye vifungo. Fundi alivaa kimto chake cha pini, akaketi kwenye cherehani, akainamisha kichwa. Alikaa hivyo kitambo. Aliposema Amina, ndipo alipobonyeza kitufe cha juu.

"Mama," Hakimu alisema taratibu. "Huwa unabonyeza hapo kila siku?"

"Si muuzaji alisema nibonyeze nikimaliza?"

"Ukimaliza kuogelea!"

"Sijamaliza kitu mpaka nimekishukuru. Na kule chumba cha kubadilishia nguo wanawake wana kelele, siwezi kushukuru. Nashukuru hapa."

Hakimu alikaa kwenye kiti cha wateja. Alifungua simu. Paa jekundu lilikuwa pale pale, mwishoni, na sasa alijua kona zake.

"Kwa hiyo ni ngazi," alisema wifi. "Ngazi hizi! Na mimi nilikuwa namsingizia mzee wa ukutani."



Daktari aliwasikiliza wote wawili, akautazama mstari kwa muda mrefu. Alisema bwawa liendelee, taratibu vilevile. Alimwandikia vipimo vingine vya moyo. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba ngazi zile ziishe, na mizigo begani iishe.

Fundi alikuwa amejiandaa kunyang'anywa kitu kimoja. Alinyang'anywa kingine.

Walipata chumba cha chini, jengo lile lile, kinachotazama barabara. Wapagazi waliteremsha cherehani, vibao, marobota. Meza ya kukatia ilikataa. Marehemu aliiunga mle mle ndani, mbao kwa mbao, wala hakufikiria mlango. Hakimu alisema ikatwe vipande viwili. Fundi alimtazama tu, na hukumu ya Hakimu ikatenguliwa. Meza ikabaki juu na saa yake ya ukutani, na wifi akapewa kazi ya kukata.

Asubuhi ya kwanza kule chini Fundi alitoka bwawani, akatembea barabara tambarare, akaingia moja kwa moja kutoka njiani. Alivaa kimto mkono wa kushoto. Akainamisha kichwa, akashukuru, kisha akamwombea marehemu. Sauti ilimkatika katikati, kama zamani, akangoja, akaendelea kutoka pale pale ilipoishia, mpaka Amina. Akabonyeza kitufe. Jioni Hakimu angeona mstari uliolala hadi mwisho.

Juu ya dari mkasi wa wifi ulikuwa unatembea kwenye meza. Fundi aliinua macho ukutani ili ajue saa ngapi. Ukuta ulikuwa mtupu. Akageuza mkono wa kulia, akasoma, akaanza kukanyaga cherehani.