Mguu Wangu Ulipolazwa

Ndoto ya jana usiku ilianza na mguu wangu wa kushoto ukiwa umelala kitandani peke yake, umefunikwa blanketi vizuri, na mimi nikiwa chini kwenye mkeka.

Kabla sijaendelea niseme mimi ni nani. Naitwa Paskalina, mkimbiaji wa mbio ndefu, na huu ni mwezi wa pili niko kambini Babati nikijiandaa na mchujo wa Jumapili, ambao kila kambi inapeleka mkimbiaji mmoja. Wiki iliyopita alitutembelea Dokta Mwanaidi Kibwana, mtafiti anayechunguza kwa nini wakimbiaji wanaumia wakiwa bado vijana. Alitupiga sote picha za eksirei za miguu. Kwenye picha ya ugoko wangu wa kushoto akaona ufa mwembamba kama unywele. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba mguu huo upumzike wiki sita, la sivyo mfupa utakatika.

Mwalimu Bura, kocha wetu, aliitikia kwa kichwa mpaka gari la dokta lilipotoka getini. Kisha akaniuliza kama Jumapili nayo imo kwenye hizo wiki sita. Nikamwambia tunaweza kuiweka pembeni. Tukapatana kwamba alfajiri angenigongea dirisha, tukaujaribu mguu barabarani taratibu, Dokta asijue.

Nikalala. Nilipofumbua macho ndani ya ndoto, mguu ulikuwa kitandani.

Sikushtuka. Gauni langu la kulalia limelala bapa upande wa kushoto, hakuna damu, hakuna kidonda, kama vile mtu ametoka na kurudishia mlango. Dokta Mwanaidi amekaa ukingoni mwa kitanda, anauuliza mguu umeamkaje. Mguu unajibu kwamba haujambo, ila usiku kulikuwa na baridi kidogo upande wa vidole. Dokta anavuta blanketi.

"Dokta," ninasema, "huo ni mguu wangu."

"Huyu ni mshiriki wa utafiti," anasema. "Wewe ni nani yake?"

Ninafikiri. Kusema mimi ndiye mwenye mguu kunaonekana kama kujikweza.

"Ndugu yake."

"Ndugu wanasubiri nje mpaka saa ya kuona wagonjwa."

Ninatoka kwa kurukaruka. Mguu wa kulia haulalamiki. Unasema tu kwamba wenyewe hauna neno, na baada ya hatua chache unasema tena kwamba hauna neno, kwa namna ile ile ambayo mama yangu husema hana neno.

Nje siyo nje. Ni jikoni kwetu kambini. Mwalimu Bura amevaa aproni, filimbi shingoni, anapasha misuli. Kila asubuhi hutuambia tupashe misuli kabla ya mbio, lakini sikuwahi kujua kwamba yeye huipasha hivi, kwenye sufuria kubwa la makande, kwa moto wa wastani. Misuli ya timu nzima imo humo, imefungwa kwa nyuzi za rangi ili isichanganyike. Anageuza kwa mwiko, anaonja mchuzi, anaongeza maji.

Ananieleza kwamba siri ni kutoiacha ichemke. Kisha anaangalia ndani ya sufuria, ananiangalia mimi.

"Ya kwako ya kushoto iko wapi?"

"Imelazwa, Mwalimu."

Anafunika sufuria polepole, kama mtu aliyepika nyama akaambiwa mgeni wake hali nyama.

Kwenye meza ya chakula yuko Emiliana, ananyoosha misuli ya mapaja yake kwa pasi ya mkaa. Emiliana ndiye ninayelala naye chumba kimoja, na ndiye anayekuwa wa pili kila ninapokuwa wa kwanza. Ananyunyiza maji kwa vidole, anapitisha pasi, anaukunja msuli mmoja na kuuweka juu ya mwenzake.

"Dada Paska," anasema bila kuinua kichwa, "mguu usiporudi, Jumapili nakimbia mimi nafasi yako. Nimeambiwa nikwambie kwa upole."

"Umeniambia kwa upole."

"Asante, dada."

Ninataka kumchukia, lakini ananiuliza kama na mimi nina kitu cha kunyoosha maana mkaa bado upo. Ninamjibu kwamba kwa sasa sina.

Kengele inalia. Saa ya kuona wagonjwa imefika. Ninafungua mlango wa jikoni na kutokea katikati ya uwanja wa riadha, jukwaa limejaa, na kitanda cha mguu kiko pale kwenye nyasi, mashuka meupe yametandikwa kwa uangalifu. Mbele ya kitanda kuna foleni ya ndugu zangu. Shangazi Marselina ametoka Mbulu na mfuko wa machenza. Ananipita, kisha anakumbuka adabu na kurudi nyuma.

"Pole kwa kuuguza," ananiambia, kisha anakwenda kuinama kitandani. "Mwanangu, wamekufanya nini?"

Mguu unasimulia. Hausemi kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Unawaambia ndugu kwamba mimi ni mtu mzuri, ila nina shughuli nyingi. Unawaeleza kuhusu harusi ya binamu yangu Epifania, jinsi asubuhi yake tulivyokimbia hadi mlimani na kurudi, na jioni nikautia kwenye kiatu kipya kinachobana, tukacheza mpaka mshereheshaji akatuomba tukae. Unawaeleza kuhusu siku ya mazoezi ya mlima, maumivu yalipoanza.

"Nilimwambia panauma," mguu unasema. "Akaongeza sauti ya redio."

Ndugu wote wananigeukia. Mjomba mmoja ambaye hata simjui anatikisa kichwa mpaka kofia inamdondoka. Shangazi anauchukua wayo na kuuweka mapajani mwake, anaupapasa, na mimi ninaona wivu juu ya mguu wangu mwenyewe, jambo ambalo sikulitegemea.

Filimbi inalia. Ndugu wanasogezwa pembeni, kitanda kinabaki palepale, na mimi niko kwenye mstari wa kuanzia. Ni Jumapili. Wenzangu wote wana miguu miwili miwili. Emiliana yuko kando yangu, mapaja yake hayana kunyanzi hata moja. Mwanzishaji wa mbio, mzee mwembamba aliyevaa koti jekundu, ananikagua kutoka juu hadi chini na kusema kwamba amesoma sheria zote na hazitaji idadi ya miguu. Mwalimu Bura ananipungia mwiko kutoka jukwaani. Ninaomba kwanza niongee na mgonjwa. Mzee ananiruhusu, lakini bastola anaiacha juu.

Ninaruka hadi kitandani.

"Njoo," ninauambia mguu. "Mara moja tu. Baada ya leo utapumzika hata mwaka."

"Nikija nitakatika?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Mimi ni mguu, siyo daktari."

Vidole vinacheza na upindo wa shuka.

"Lakini ukiniita nitakuja, Paskalina. Sijawahi kukukatalia. Ndiyo maana nimepasuka."

Nimefundishwa mengi kuhusu mbio. Nimefundishwa kupumua, kubana viwiko, kutoangalia nyuma. Hakuna aliyewahi kunifundisha la kuujibu mguu unaosema hivyo. Mkono wa mzee bado uko juu, na uwanja mzima unaningoja mimi. Nikiuita tu, tutakimbia. Ninajua tutakimbia vizuri, angalau mpaka ile kona ya mwisho.

Ninaketi ukingoni mwa kitanda.

"Basi," ninasema. "Lala."

Bastola inalia. Wenzangu wanaondoka kwa mlio wa viatu ninaoupenda kuliko wimbo wowote, na kwa mara ya kwanza maishani ninausikia ukienda mbali nami. Mwalimu Bura anashusha mwiko. Hakuna anayenizomea. Watu wanaendelea kutazama mbio, na hilo nalo linachoma kwa namna yake.

Kwa kuwa sina la kufanya, ninachukua chenza kwenye mfuko wa Shangazi na kulimenya. Mguu hauna mdomo, kwa hiyo ninaweka vipande kati ya vidole, kimoja kimoja, na vidole vinavipokea. Sijui vinakwenda wapi. Mguu unasema ni vitamu. Tunamtazama Emiliana akipita mbele yetu, yuko wa kwanza.

"Anakimbia vizuri," mguu unasema.

"Anakanyaga kisigino kwanza."

"Paskalina."

"Anakimbia vizuri," ninakubali.

Dokta Mwanaidi anakuja juu ya nyasi na kutangaza kwamba muda wa wageni umekwisha. Ndugu wanaagana na mgonjwa, wanakunja kanga zao, wanaondoka. Na mimi ninainuka niondoke. Lakini mguu unajivuta upande mmoja wa kitanda, unaacha nafasi ya mtu mzima.

"Wewe panda," unasema. "Wewe siyo mgeni."

Ninapanda, ninajifunika. Shuka lina joto.

Dirisha linagongwa.

"Paska. Twende kabla hakujapambazuka."

Ni Mwalimu Bura, wa kweli huyu, hana aproni. Nilikaa kitandani na kupapasa chini ya blanketi. Miguu ilikuwa miwili. Ugoko wa kushoto ulikuwa unauma palepale, maumivu ya taratibu, ya mtu anayebisha hodi huku akijua mwenyewe yumo ndani.

"Mwalimu," nilisema, "leo hatuji."

Alisogea karibu na dirisha.

"Hamji? Wewe na nani?"

Nilimwambia kwamba Dokta alisema kweli, kwamba mguu haukimbii Jumapili wala Jumapili itakayofuata, na kwamba wa kukimbia ni Emiliana. Alivuta pumzi ndefu. Nilidhani angebishana, ila aliuliza tu kama panauma sana. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza. Nikamwambia panauma. Akasema pole, akiwa bado amesimama palepale.

Kitanda cha pili kililia. Emiliana, ambaye muda wote nilidhani amelala, alikuwa ameketi gizani viatu mkononi.

"Dada, una hakika?"

"Sina. Lakini nenda."

Alifunga kamba, akanigusa bega, akatoka. Nilisikiliza hatua zao mpaka zilipofika kwenye lami na kuwa mlio ule ninaoupenda. Nililia kidogo, halafu nikakumbuka kwamba Dokta aliagiza ugoko uinuliwe juu ya mto, nikaona nianze kazi ya kupumzika.

Nilipoushika wayo wa kushoto ili niuinue, vidole vya mkono wangu viligusa kitu chenye utelezi kati ya kidole gumba na kinachofuata. Nilikitoa nikakipeleka dirishani penye mwanga. Ilikuwa mbegu ya chenza, bado ina maji.

Hapa kambini matunda yetu ni ndizi tu, kila siku, tangu tulipofika.