Farasi wa Zamu

Kabla sijasimulia nilivyopata utepe wangu wa kwanza wa zawadi katika mashindano ya farasi, haki inanitaka niungame kwamba tangazo kwenye mlango wa choo cha walimu nililibandika mimi. Liliandikwa: MTIHANI UNAENDELEA, USIINGIE. Mkaguzi wa shule, mtu anayeheshimu mitihani kuliko tumbo lake, alisimama nje ya mlango ule dakika arobaini. Ya dakika ya arobaini na moja tumwachie mwenyewe.

Mkuu wa shule aliniita ofisini. Hakunifokea, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Wewe uko chama cha farasi, siyo?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Mashindano ni Jumamosi. Ukipata utepe, wa rangi yoyote ile, nitasahau. Usipopata, shangazi yako atakuchukua palepale uwanjani, wewe na sanduku lako."

Shangazi ndiye aliyenilea. Ni fundi wa kushona nguo, na tangu nijue kutembea ana cherehani ya pili iliyofunikwa shuka, anayosema ni yangu siku shule itakaponishinda. Maishani mwangu nimeshona kifungo kimoja, nikakishona pamoja na kidole. Kwa hiyo lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Chama chetu kilikuwa na wanafunzi tisa na farasi mmoja, mzee wa rangi ya chai iliyopoa, tuliyemwita Mstaafu. Alichopenda ni kusimama. Kocha akabuni njia. Kila Mstaafu alipochoka, yaani kila baada ya dakika saba, Kocha alipiga ukelele, "Badilisha farasi!" Mwanafunzi wa zamu alivishwa hatamu mabegani, mwenzake akazishika kwa nyuma, wakaruka viunzi kwa miguu yao wenyewe.

"Asiyejua kuwa farasi hawezi kumpanda farasi," Kocha alisema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza alikosoma.

Kwa kuwa zamu zangu za kupanda zilikuwa zikifutwa kwa utovu wa nidhamu, muhula mzima nilimpanda Mstaafu mara mbili. Farasi nilikuwa wiki kumi na moja. Si kujisifu, lakini nilifika mahali pa kugeuka kushoto kabla hatamu haijavutwa.

Jumamosi ikafika. Farasi wa shule nyingine waling'aa kama viatu siku ya ukaguzi. Suruali yangu Shangazi aliishona kwa pazia, na maua makubwa kuliko yote yalikuwa makalioni. Mkuu alilileta sanduku langu kwa gari la shule, akalishusha kando ya uzio ili, alisema, asije akarudia safari. Shangazi akalikalia. Yeye amekalia sanduku, mimi nimekalia kuti kavu.

"Kaa wima!" alinipazia sauti. "Unampanda farasi au unamwomba msamaha?"

Jaji, bwana mrefu mwenye kitabu cha kanuni kwapani, alipuliza filimbi. Viunzi vinane. Mstaafu alikwenda hatua sita, akakitazama kiunzi cha kwanza kama mtu aliyepewa barua isiyo yake, akasimama. Nikambana kwa miguu. Nikambembeleza. Nikamwita babu. Akafumba macho.

Mkuu akatazama saa. Shangazi akanyamaza kimya, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia hata msibani.

Ndipo Kocha, kwa mazoea tu, maskini, akasahau yuko wapi. "Badilisha farasi!"

Naapa sikuwaza. Miguu ndiyo iliyosikia. Niliteremka, nikamvua Mstaafu hatamu, nikajivisha mabegani. Kocha, naye mtumwa wa mazoea, akaruka uzio, akazishika nyuma. Tukatoka mbio. Kiunzi cha kwanza nilikipita juu kwa juu. Cha tano kilikuwa na dimbwi. Mimi nililivuka pakavu, Kocha alivuka nusu. Cha nane nilikiruka kwa mlio ambao mpaka leo sijui ulitoka wapi.

Hakikuanguka hata kijiti. Mstaafu alikuwa akitafuna maua ya mezani pa Jaji.

Jaji alikipekua kitabu chake mwanzo mpaka mwisho.

"Mpandaji ameshuka," akasema hatimaye. "Huyo ametolewa. Lakini farasi hajagusa kiunzi." Akamgeukia Kocha. "Ana umri gani?"

"Kumi na sita," Kocha akajibu, akihema.

"Kumi na sita! Na anaruka vile? Anatunzwa vizuri. Anakula nini?"

"Uliza anachoacha!" Shangazi akadakia. "Huyo nimemlea mimi. Nyumba yangu haijui kiporo."

Jaji alinisogelea kwa ubavuni, kwa tahadhari, akafunga utepe wa njano kwenye hatamu, chini kidogo ya sikio langu. "Taratibu," akaninong'oneza, akinipigapiga shingoni. "Hodari sana." Nimepigwa vibao vingi maishani. Hivyo vilikuwa vya kwanza vya sifa.

Mkuu akaja mbiombio. "Nilimaanisha utepe wa mpanda farasi!"

"Mkuu wangu," Shangazi akasema, bado amekaa, "mteja akiniambia mikono mifupi, hawezi kuja kuchukua nguo akadai alimaanisha mirefu. Ulisema utepe. Utepe ule pale."

Shangazi akainuka, akalipangusa sanduku vumbi kwa kiganja. Mkuu akalibeba mwenyewe mpaka garini.

"Na cherehani yangu?" nikamuuliza Shangazi.

"Nani aiguse kwa kwato? Rudi shule."

Nilirudi, nyuma ya lori, pamoja na Mstaafu, ambaye hakunisogezea nafasi. Jumatatu Kocha alibandika orodha mpya: wapandaji wanane, farasi wawili. Jina langu lilikuwa la pili. Sikulalamika, mwenzangu ana uzoefu.