Jeneza la Mfalme

Sisemi uongo: mchezo ule niliubeba mimi. Malkia nilikuwa mimi, na kurasa kumi na mbili za Kireno nilizihifadhi zote. Chaquir, aliyekuwa mfalme, kazi yake kubwa ilikuwa kufa.

Professora Gracinda, mwalimu wetu wa shule, ndiye aliyeuleta mchezo huo wa zamani kutoka kwao Lisboa, Ureno. Akasema tuucheze kisasa, kwa nguo na desturi zetu za Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji. Basi mfalme akavaa kanzu, na kwa mazishi yake tukaunda jeneza kwa kitanda cha kamba, tukalifunika kitambaa cha kijani. Mama alipoliona alinifokea.

"Unacheza na mauti, Mwanaasha!"

"Mama, hilo jeneza ndilo litakalomtoa Shaibu."

Shaibu ni kaka yangu. Alikuwa akiwapelekea dawa wapiganaji wa msituni, na sasa wiki ya tatu kajificha darini kwetu, askari wa Kireno wanamsaka nyumba kwa nyumba. Wakimpata, wanamuua. Basi.

Mpango wangu ulikuwa safi. Jumapili alasiri Shaibu aliingia shuleni kajitanda buibui la mama, kati ya wanawake waliokuja kupanga viti. Mfalme akifa, pazia linafungwa, Chaquir anajificha kabatini, Shaibu analala jenezani. Wavulana wanne wanamtoa mlango wa nyuma, anashika njia ya mikokoni mpaka Namoto mpakani, anavuka mto kuingia Tanzania.

Pazia likafunguliwa, Shaibu keshalala jenezani, wabebaji wakageukia mlango wa nyuma. Lahaula! Mlangoni kasimama askari na bunduki, na asubuhi hakuwapo. Wavulana wakaganda. Nilimlaani askari yule kimoyomoyo, nikamlaani na babu yake.

Mara Mzee Mwinyimadi, mwosha maiti wa mtaa wetu, akainuka safu ya mwisho. Kireno hajui hata neno.

"Nyie watoto! Jeneza mnalisimamisha njiani? Hamna adabu?"

Akatia bega. Wanaume wote wakainuka, maana kwetu jeneza likipita hukai kitako, unasogea ulishike. Wakapokezana, dhikiri imepamba moto, wakatoka nalo lango kuu mbele ya askari. Askari wakavua kofia. Ukumbini tukabaki wanawake na Wareno.

Nilitamani kuwakimbilia. Lakini kwetu mwanamke hasindikizi jeneza, na malkia alikuwa bado na maneno yake. Nikayasema yote, sikukosea hata moja, machozi ya kweli yananitiririka. Administrador, mkubwa wa wilaya, akasimama kunipigia makofi, kisha akataka kumwona mfalme. Chaquir akatoka kabatini kajaa vumbi la chaki, akainama. Nampa haki yake: kufufuka alifufuka vizuri.

Baada ya magharibi Mzee Mwinyimadi alibisha hodi kwetu, mkononi kitambaa cha kijani kimekunjwa.

"Miaka arobaini nazika watu," akasema. "Huyu wenu alikohoa tulipofika kwa askari."

"Ukafanyaje, babu?"

"Nikapandisha dhikiri." Akanikabidhi kitambaa. "Makaburini hatukumwona wa kumzika. Kashika njia ya Namoto kwa miguu yake mwenyewe."

Mama akaanguka chini, akaangua kilio alichokizuia wiki tatu. Majirani waliposikia wakaja mmoja mmoja kutupa pole, nasi tukazipokea zote.