Kofia ya Dokta

Kaltumi alikuwa amejibanza nyuma, ndani ya ukumbi wa chuo, na sinia zake za gurusa, ile mikate laini ya Kinubi, akisubiri mhadhara wa wazi umalizike watu wale. Alikuwa ametoka Kisugu alfajiri kuja kupika, na sasa mikate ilikuwa inapoa huku Dokta Kagoro akizungumza kule mbele kana kwamba amemeza redio.

Mara Dokta akatoa kawa ya ukili, nyekundu na kijani.

"Hii ni kofia ya heshima," akasema. "Wazee wa Kinubi waliivaa siku za sherehe."

Akaivaa, akageuka huku na huku. Wanafunzi wakapiga makofi, simu juu.

Kaltumi akazitazama kawa tatu alizofunikia mikate, za ukili uleule na rangi zilezile. Damu ikamchemka. Mwenyekiti alipouliza nani ana swali, mkono wake ulikuwa wa kwanza.

"Dokta, hao wazee walipoivaa, chakula walifunika na nini?"

Kisha akafunua sinia moja. Harufu ya samli ikatambaa safu kwa safu, na kicheko kikaifuata mpaka mbele. Dokta mwenyewe alicheka hadi akajifuta machozi. Akaivua kawa yake, akaja nayo hadi kwa Kaltumi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Hajati. Chukua, ikafanye kazi yake."

Kaltumi akarudi nyuma hatua moja.

"Baki nayo, Dokta. Ikishakaa kichwani, hiyo ni kofia."