Mshenga na Njegere za Mfalme Erik

Mara ya kwanza Domina alimwonya mumewe mlangoni kwao Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, huku akimnyoosha kola ya shati. Mara ya pili alimwonya walipokuwa wakibadilisha treni katikati ya jiji. Mara ya tatu, treni ilipokuwa inaingia kituo cha Rissne, hakusema mengi.

"Elieshi, leo wafalme wako wabaki kazini."

"Wafalme gani?" Elieshi aliuliza, kana kwamba yeye na wafalme hawajawahi kuonana.

Aliyemjua Elieshi aliwajua na wafalme, atake asitake. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyu alikuwa akifanya kazi katika makumbusho yaliyo chini ya kasri la mfalme, mle kwenye vyumba vya kuta nene wanamohifadhi mavazi, silaha na magari ya farasi ya watawala wa zamani wa Sweden. Kazi yake ilikuwa kusimama, kuangalia watoto wasiguse vitu, na kumwelekeza mgeni choo kilipo. Hakuna aliyemwajiri asimulie habari. Lakini ukisimama nyuma ya waongozaji wa wageni miaka yote hiyo utasikia tu, na Elieshi alichokisikia hakikumtoka. Alijua nani alimzaa nani, nani alimpindua nani, na nani alivaa kiatu kipi siku aliyouawa. Mgeni akimuuliza jambo alimjibu kweli tupu, na kama hajui alisema hajui. Hilo alijivunia kuliko sare yake na vifungo vyake vya shaba.

Nyumbani na mitaani ndiko kulikokuwa na taabu. Watu wakizungumzia bei ya nyanya, yeye analeta Mfalme Gustav Vasa. Kuna siku walikwenda kuhani msiba, akamweleza mjane jinsi mke wa Mfalme Gustav Adolf alivyogoma mumewe asizikwe kwa zaidi ya mwaka mzima. Domina alimkanyaga mguu mpaka kidole kikavimba.

Jumamosi hiyo haikuwa ya mchezo. Walikuwa wanakwenda kumposea Aron, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye Elieshi alimlea tangu ana miaka minane. Sasa Aron alikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa lifti, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, na alikuwa amependa hadi amekonda. Binti mwenyewe aliitwa Raïssa, nesi, mtoto wa Warundi wa Rissne, naye alikwisha kusema wazi kwamba anamtaka Aron, ila bila neno la baba yake haolewi.

Na baba yake, mzee Juvénal, hakuwa mtu wa kukataa posa. Alikuwa na njia yake. Washenga wawili waliokuja kumposa Raïssa kabla yao waliambiwa kwa upole mkubwa warudi baada ya mavuno. Rissne ni maghorofa na maegesho ya magari, mavuno hakuna. Elieshi alilijua hilo, tena ukoo wao wote Stockholm ulikuwa watu watatu, na mshenga alikuwa yeye. Hotuba aliiandika kwenye karatasi akaikunja mfukoni.

Mlango ulifunguliwa na Ludovic, mdogo wake Juvénal, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa binti. Ludovic alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa, na uso wa mtu anayesubiri kushinda. Aliwaketisha wote watatu, Aron akiwemo, kwenye makochi, akawauliza kama wamepotea njia au kama kuna kitu wanauza. Elieshi alicheka kidogo. Mchezo huo hata kwao Meru upo.

"Basi kama hamuuzi kitu, mtakunywa," Ludovic alisema.

Akaleta bia ya ndizi aliyoipika mwenyewe kwa ndizi za dukani, kwenye ndoo, barazani kwake. Akaimimina kwenye glasi. Kisha, badala ya kumpa mgeni, akapiga funda moja kubwa yeye mwenyewe, akafuta ukingo wa glasi kwa leso, ndipo akamkabidhi Elieshi. Elieshi aliitazama ile glasi.

"Usishangae, muzee," Ludovic alisema. "Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza, ili mgeni aone hamna kitu kibaya ndani. Ni heshima."

"Kila anayekuja anaonjewa?"

"Mgeni, oui. Ndugu hapana. Ukimwonjea ndugu yako ni kama umemwambia humjui."

Elieshi aliliweka neno hilo kichwani pale anapoweka kila kitu, akanywa. Bia ilikuwa kali na tamu. Mzee Juvénal, mwembamba, mwenye mvi zilizokatwa vizuri, alikuwa amekaa pembeni chini ya picha ya Bikira Maria.

Ulipofika wakati wa hotuba, Elieshi alisimama, akatoa karatasi, akapapasa mfuko wa kushoto, akapapasa wa kulia. Miwani ilikuwa kwenye koti la kazi. Maandishi yake mwenyewe aliyaona kama wadudu wanaotambaa. Domina alifumba macho.

"Tumekuja," Elieshi alianza, "kwa sababu tumeona ua katika nyumba hii."

"Maua yanauzwa hapo stesheni," Ludovic alisema. "Muzee, mimi nikuulize kitu kimoja. Burundi mtu akija kuposa, tunamjua babu yake, tunajua kilima anachotoka. Ninyi hapa Stockholm tunawajua kwa nani? Huyu kijana kesho akimchoka mtoto wetu, tutamfuata nani?"

Mzee Juvénal aliinua kichwa. Hapo Elieshi akaelewa kwamba hilo halikuwa swali la Ludovic. Lilikuwa la baba, nalo lilikuwa swali la haki kabisa. Angejibu nini? Kaka yake amelala kwenye makaburi ya hapa hapa, babu yao amelala Meru, na hakuna aliyekuwa karibu wa kuwashuhudia. Alimtazama Aron aliyekaa ameshika magoti yake kama mtoto anayesubiri sindano, akaingiwa na huruma, na huruma ikamsukuma pale pale alipokatazwa kwenda.

"Mzee Juvénal," alisema, "palikuwa na mfalme hapa hapa Stockholm."

"Yesu wangu," Domina alisema kwa sauti ya chini.

"Aliitwa Erik, mtoto wa Gustav Vasa. Aliposa malkia wa Uingereza, akakataliwa. Akaposa kwingine na kwingine, barua zinakwenda, barua zinarudi, hakupata. Mwisho akamwoa Karin, binti wa askari wa kawaida tu, mtumishi wa dada yake mfalme. Babu yake hakuna aliyemjua, wakubwa walinuna, lakini..."

"Mtumishi?" mzee Juvénal alisema. Ndilo neno lake la kwanza tangu salamu. "Binti yangu nimemsomesha, na leo ni mtumishi?"

"Farbror, snälla," Aron alimwomba baba yake mdogo aache, kwa Kiswidi, akiwa ameinamia zulia.

"Hapana, mzee wangu, hapana!" Elieshi alijitetea, jasho likimtoka. "Karin ni sisi! Sisi ndio tusiojulikana. Mfalme ni Raïssa."

Jikoni kicheko kilisikika, na kilikuwa cha Raïssa. Hata mzee Juvénal mdomo ulimcheza upande mmoja. Kama Elieshi angekaa chini wakati huo, wangekula, wangeimba, na mambo yangekwisha vizuri. Lakini Juvénal alikuwa mtu wa kupenda habari ikamilike.

"Na huyo mfalme aliishia wapi?" aliuliza.

Elieshi angeweza kusema aliishi raha mustarehe mpaka uzee. Nani angekwenda kuhakikisha? Ila miaka kumi na tisa hajawahi kumdanganya mtu juu ya mfalme, hata mtoto wa chekechea. Ulimi ulikataa.

"Alipinduliwa na mdogo wake," alisema.

Ludovic, ambaye ni mdogo mtu, alikohoa.

"Akafungwa. Akafia humo gerezani."

"Aliugua?"

"Wanasema ni supu ya njegere, mzee. Iliwekwa sumu. Na kaburi lilipokuja kufunguliwa, mifupa ilikutwa na sumu kweli."

Elieshi alifuata macho ya watu hadi mlango wa jikoni. Alikuwa amesimama hapo Mama Raïssa, Concessa, amevaa kitenge chake cha sherehe, na mikononi ameshika bakuli kubwa la njegere zilizopikwa kwa mawese, mvuke ukipanda.

Kuna nyumba ambazo neno sumu ni neno tu. Kwa Concessa halikuwa hivyo. Kule alikotoka aliona majirani wakikosana mpaka kufa kwa uvumi wa glasi moja ya pombe, na sasa neno hilo lilikuwa limetajwa sebuleni kwake, siku ya binti yake, mbele ya chakula alichokianza tangu jana. Macho yake yalijaa machozi.

"Mamma, hakukusudia," Raïssa alisema nyuma yake.

Concessa aliweka bakuli mezani, akampakulia Elieshi sahani iliyojaa, akaiweka mbele yake. Kisha akachukua kijiko cha mgeni, akachota. Alikuwa anakwenda kuonja mbele ya watu wote ili pasiwe na la kusema, na kwa desturi ya nyumba yake alikuwa na haki.

Elieshi aliona kijiko kikipanda na aliona yote yatakayofuata. Mama huyu akionja, wao ni wageni. Mzee Juvénal atawashukuru kwa kuja, atataja mavuno, na Aron atarudi Hagsätra kukaa chumbani na taa imezimwa kama alivyokaa alipofiwa na baba yake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Concessa.

"Mama Raïssa, usinionjee."

"Niache," Concessa alisema. "Uone mwenyewe."

"Nimekosa, mama. Nakaa na wafalme waliokufa kutwa nzima, nimesahau kuongea na watu walio hai. Nitukane, nastahili. Ila usinionjee. Anayeonjewa ni mgeni, nimeambiwa hapa hapa leo, na mimi sikuja nyumbani kwako ili nibaki mgeni."

Akakipokea kile kijiko kwa mikono miwili, akakitia mdomoni. Watu walimtazama anavyotafuna. Zilikuwa njegere laini, zenye kitunguu na mawese ya kutosha, tamu kuliko supu yoyote ya njegere aliyowahi kula kantini pamoja na Waswidi, ambao huila kila Alhamisi. Alikula bila haraka, mpaka kijiko kikakwaruza sahani. Kisha akaisogeza sahani mbele.

"Naomba uniongeze," alisema. "Na mke wangu naye ana njaa."

Concessa alitokwa na kicheko kikiwa kimechanganyika na kilio, akajifuta kwa pembe ya kitenge na kumjazia sahani hadi ikakosa ukingo. Domina alisogeza yake. Aron alikwisha kuanza kula bila kupakuliwa, moja kwa moja kutoka kwenye bakuli, na hakuna aliyemkemea.

Mzee Juvénal alihama kiti chake akaja kukaa karibu na Elieshi.

"Na yule mke?" aliuliza. "Yule ambaye babu yake hajulikani."

"Karin?" Elieshi aliweka kijiko chini. "Alimfuata gerezani, mzee. Alikaa naye humo na akazaa naye humo, mpaka walipowatenganisha kwa nguvu. Baadaye alipewa shamba Finland, akazeekea huko, na watu wa huko walimpenda."

"Hakumwacha."

"Hakumwacha. Taji liliondoka, yeye akabaki."

Mzee Juvénal aliitikia kwa kichwa polepole, akamgeukia Aron, aliyekuwa na mawese kidevuni.

"Na wewe kijana?"

Aron alijifuta haraka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na alipokitafuta kilichelewa kuja.

"Mimi sina taji, baba," alisema. "Nina lifti. Watu wakikwama ndani, wanapiga simu, mimi naenda. Hata Krismasi. Nikisema nakuja, nakuja. Muulize Raïssa."

"Ni kweli, pappa," Raïssa alisema kutoka mlangoni.

Ludovic aliona mambo yanamponyoka. Alikuwa amejiandalia hotuba ya kufunga yenye ng'ombe, mito na vilima vitatu, basi akasimama, akafunga kifungo cha koti, akakohoa. Kaka yake aliinua mkono.

"Concessa," mzee Juvénal aliita.

"Naam."

"Hawa watu usiwaonjee tena."

Domina ndiye aliyeanza vigelegele, Concessa akampokea, na jirani wa ghorofa ya juu akagonga sakafu akidhani kuna kilio. Raïssa alipita katikati ya viti akaenda kukaa kando ya Aron, waziwazi, bila kuomba ruhusa ya mtu. Elieshi alijikuta anatafuta leso, akiwaza kwamba kaka yake angefurahi sana leo, na kwamba Jumatatu atakwenda kumwambia hivyo kaburini.

Ludovic alimimina bia nyingine, shingo upande, bado ana hotuba yake tumboni. Kwa mazoea akaipeleka glasi mdomoni mwake. Akasita. Akaitazama, akamtazama Elieshi, kisha akampa ikiwa imejaa hadi juu.