Rangi Mbichi

Sisi tukisikia mgeni mkubwa anakuja, hatuulizi anataka nini. Tunauliza rangi iko wapi.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye kituo kidogo cha doria kilichoko kando ya hori ya Kilifi. Habari zilifika siku nne kabla: Kanali Halidi, mkuu wa wanamaji wa visiwa jirani vya kusini, atakuja kukagua kituo asubuhi, na mchana atakwenda hoteli moja ya Bofa kutia sahihi mkataba wa kulinda bahari kwa pamoja. Visiwa vyenyewe ni nchi ndogo, watu wake wote hawafiki hata wakazi wa kaunti ya Kilifi. Kila upande ulikuwa na orodha yake ya mahitaji. Orodha hizo zingeunganishwa ziwe moja, na lile litakaloandikwa nambari moja ndilo litakalofanywa mwaka huu. Mengine yangesubiri, na kusubiri kwa serikali kila mtu anakujua.

Meja Gitau, mkuu wa kituo, akaleta makopo ishirini. Askari walipaka mawe ya njiani. Walipaka minazi hadi kiunoni. Walipaka tangi la maji na nguzo ya bendera. Paka wa jikoni alinusurika kwa kuwa ana mbio.

Siku ya mwisho wakafika kwenye boti.

Boti zilikuwa tatu, na fundi wake alikuwa Sajini Kabibi Dzombo, mwanamke wa miaka arubaini na mmoja, mzaliwa wa Ganze kusiko na bahari, aliyeijua bahari kwanza kwa kufungua mashine za boti. Boti moja ilikuwa inatembea. Mbili hazikuwa zimewaka tangu Februari.

"Zipakwe zote, ziteremshwe, zifungwe gatini," Meja alisema. "Zikielea zinapendeza."

"Afande, hizi mbili ni maiti."

"Basi maiti iogeshwe vizuri." Kisha akashusha sauti. "Kabibi, nisikilize. Wakubwa wakiona uchakavu hapa, watasema kituo kifungwe, kihamishiwe Mombasa. Nimeambiwa hivyo kwa mdomo. Akikuuliza, sema zote ziko tayari."

Kabibi alichukua brashi akapaka kwa hasira. Nambari moja kwenye orodha ya Meja ilikuwa boti mbili mpya za mbio. Karakana, ambayo Kabibi alikuwa ameiomba kwa barua mara tatu, ilikuwa nambari tisa, chini ya taa za uwanja wa gwaride. Alitaka paa, winchi ya kuinulia mashine, spea, na mafunzo ya mashine hizi za kisasa ambazo hakuna aliyefundishwa kuzifungua. Boti zile mbili ziliuawa na pampu za maji, kitu cha ukubwa wa ngumi.

Na zilimuua Kalama.

Kalama alikuwa mtembeza wageni wa Watamu, hodari, mcheshi. Siku moja ya Machi alikuwa anarudisha boti yake na msaidizi wake mmoja, mashine ikazimika, mkondo ukawatoa nje ya miamba. Akapiga simu kituoni, Kabibi akapokea. Ile boti nzima ilikuwa doria mbali kaskazini, kupita Ngomeni. Kabibi akajaribu ya pili, ikakohoa ikanyamaza. Ya tatu haikukohoa hata.

"Dada, mko wapi?" Kalama aliuliza.

"Tunakuja," Kabibi alijibu.

Aliuliza mara sita, kila mara kwa adabu, kama mtu anayechelea kusumbua. Mara sita Kabibi akajibu tunakuja, na hakuna aliyekuwa anakuja. Boti ya hoteli ilipowafikia ilimkuta msaidizi amekumbatia dumu. Kalama hakuonekana tena. Kabibi alikwenda matangani, akala wali wa watu, na hakuthubutu kumtazama mjane usoni. Tangu siku hiyo lile tunakuja halikumtoka akilini.

Kanali Halidi alifika saa tatu asubuhi, mnene kidogo, mwenye tabasamu, gwanda lake jeupe pe. Aliyasifu mawe. Aliisifu minazi. Gatini akasimama mbele ya boti tatu zinazong'aa, Meja akieleza mwendo wake na uwezo wake, na ukimsikiliza Meja ungedhani zimerudi jana kutoka vitani. Kanali akafurahi. Akainama, akaegemeza mkono kwenye ubavu wa boti ya tatu.

Ulipotoka, kiganja chote kilikuwa cha buluu, na mkono wa gwanda pia. Ubavuni mwa boti palibaki vidole vitano.

Askari waliotazama mbele wakazidi kutazama mbele. Meja akawa hana rangi, yeye peke yake kituo kizima.

"Sajini! Mafuta ya taa!"

Kabibi akamchukua mgeni hadi kibanda cha mabati alichokuwa akikiita karakana. Akamkalisha juu ya kreti, akalowesha kitambaa, akaanza kumfuta kidole kimoja kimoja. Meja alibaki nje akipiga simu kutafuta dobi.

"Rangi hii ya lini, dada?" Kanali aliuliza kwa Kiswahili chake cha visiwani, cha taratibu.

"Ya jana, afande. Unyevu umeikataza kukauka."

"Na mashine je? Nazo za jana?"

Mkono wa Kabibi ukasimama. Dirishani alimwona Meja akijifuta jasho, na akamhurumia, maana si mtu mbaya. Akafikiria kituo kufungwa, na askari kumi na wanane kuhamishwa kwa sababu ya mdomo wake. Kisha akaisikia ile sauti, dada, mko wapi, na akajua kwamba akidanganya mara ya saba hatajisamehe.

"Mbili kati ya tatu haziwaki," alisema. Akamweleza yote: pampu, barua tatu, nambari tisa, Kalama. Alipofika kwa Kalama machozi yalimtoka, akaendelea kufuta vidole.

Kanali akautazama mkono wake uliofutwa nusu. Kisha akauliza, "Unajua kwetu tuna boti ngapi?"

"Sijui, afande."

"Nne. Wenzenu walipokuja kututazama mwaka jana, tulizipaka rangi zote. Niliwasimamia askari wangu mimi mwenyewe, na kopo mkononi."

"Na zinazotembea?"

"Moja. Nayo siku ikipenda."

Kabibi alijaribu kujizuia akashindwa. Kicheko kikamtoka puani, Kanali naye akaanza, tumbo likimtikisika, wakacheka hadi Meja akaingia mbio akidhani mgeni ameumia.

"Meja," Kanali alisema akipangusa macho, "orodha yangu nayo ina boti za mbio nambari moja. Nikipewa mbili, nitakuwa na sita za kupaka. Tunadanganyana nini, ndugu yangu?"

Meja alimtazama Kabibi kwa jicho kali, kisha akatazama sakafu. Alikaa juu ya kreti nyingine pasipo kukaribishwa.

"Niliogopa," alisema.

"Mimi pia," Kanali akajibu. "Wakubwa wangu nao wanataka vitu vya kupigwa picha."

Jioni Meja alirudi kutoka Bofa na sambusa za hoteli ndani ya karatasi. Akaziweka mbele ya Kabibi.

"Tumezishusha boti za mbio, mimi na Kanali. Karakana moja ya nchi mbili, hapa Kilifi," alisema. "Mafundi wao watakuja kujifunza pamoja nasi. Nambari moja." Akageuka kwenda, akasita. "Siku nyingine niambie kwa nguvu zaidi, Kabibi."

"Niliandika mara tatu, afande."

"Basi niandikie mara nne." Safari hii Meja naye akacheka.

Miezi kumi na moja baadaye karakana ilikuwa imesimama, kuta zake za saruji tupu, kwa maana Kabibi alikataa katakata isipakwe rangi mpaka winchi ifungwe. Mafundi wanne wa visiwani walikuwa wamezifungua zile pampu na kuzifunga hadi wanaziota. Boti ya tatu bado ilikuwa na alama ya vidole vitano ubavuni. Meja mwenyewe alikataza isifutwe.

Alhamisi moja alasiri simu ikalia. Ilikuwa Watamu. Mwanamke anayeitwa Lynn, mtembeza wageni, mashine imezimika nje ya miamba, ana watu sita ndani.

Kabibi alipiga kelele kuitisha boti ya tatu. Mafundi wawili wakaruka, mmoja wa hapa na mmoja wa visiwani. Mashine ikanguruma kwa jaribio la kwanza, na boti ikatoka gatini ikipasua maji ya hori kuelekea mlangoni mwa bahari. Kabibi alibaki amesimama na simu sikioni.

"Dada, mko wapi?" Lynn aliuliza.

"Tunakuja," Kabibi alisema.